Masanduku ya Injinia Valéry

Msinihukumu. Ghala nililolinda mtaani Musaga lilikuwa na mawe tu, marefu ya mviringo kama michi ya kutwangia, yaliyotolewa chini ya milima kwa mashine ya kutoboa ardhi na kulazwa kwa mpangilio ndani ya masanduku ya mbao. Kila sanduku liliandikwa kina cha mawe yake.

Injinia Valéry alikuwa amenieleza hadi nikachoka. Huko chini maji ya moto yenye chumvi huyeyusha dhahabu, huipandisha kwenye nyufa, na yakipoa huiacha mahali pamoja. Mawe yalikuwa bado kupimwa. Mpangilio ukipotea, hakuna atakayejua dhahabu iko kina gani.

Vita vikafunga barabara, makaa yakaacha kuja mjini. Valéry akakimbilia Kigoma. Mimi nikabaki na funguo na watoto wanne.

Alirudi baada ya miaka miwili, amekonda, akaenda moja kwa moja ghalani. Mawe yote yalikuwa rundo moja sakafuni. Akapiga magoti, akawa analamba jiwe moja moja aone rangi yake, akijaribu kuyapanga. Hatimaye mikono yake ikatulia.

"Mama Chanelle, nani ameiba masanduku? Waasi? Askari?"

"Apana, Injinia. Kuja ule kwanza."

Nilimpakulia maharagwe nyuma ya ghala. Chini ya sufuria ubao wa mwisho ulikuwa unawaka. Akainama, akasoma kwa sauti maandishi yake mwenyewe: "Mita mia na kumi na mbili."

Kisha akala, kwa sababu alikuwa na njaa.