Kompyuta Iliyozimika Nyumbani Tu

Kompyuta ya Shiru ilikuwa na ujanja wa kuchagua saa ya kumwaibisha. Ingeweza kukaa kutwa nzima ikipiga muziki na kuonyesha video za mapishi ambazo hakuna aliyeziomba, bila kukohoa hata kidogo. Lakini Shiru akiingia kwenye mchezo, na mchezo ukakolea, na wenzake wakawa wanamtegemea yeye, hapo ndipo kioo kingekuwa cheusi tititi. Feni zingenguruma ndani ya kasha kama mtu anayekimbizwa, na kwenye hedifoni sauti ya Ilwad ingesikika kwa muda mfupi ikiuliza, "Shiru, uko? Shiru?" Halafu hata hiyo sauti ingekatika.

Ilwad alikuwa kapteni wa timu ya wasichana kule Nairobi, timu ya kweli yenye jezi na kocha, inayocheza mashindano kwa mtandao, watano kwa watano, kuteka ngome na kulinda ngome. Mchezaji wao mmoja alikuwa ameenda kusoma ng'ambo. Walimwona Shiru anavyolinda ngome, wakamwita ajaribiwe. Jaribio la kwanza kioo kikafa katikati ya mchezo. La pili kikafa tena, tena wakati alipokuwa amebaki peke yake mlangoni mwa ngome.

"Msee, unacheza poa, sikudanganyi," Ilwad alimwambia kwa simu. "Lakini nitaambiaje coach tuchukue mtu anapotea katikati ya game? Jumapili ndiyo ya mwisho. Ikizima tena, tunachukua yule dem wa Thika."

Shiru hakuwa amewahi kumwona huyo msichana wa Thika, lakini alishamchukia kwa moyo wake wote.

Waliishi wawili tu, yeye na mama yake, kwenye nyumba ya vyumba viwili mtaani Rhonda. Mama yake, Wangui, alikuwa akiuza viazi vinavyoshuka kutoka Mau Narok, ambako ndiko alikozaliwa. Alikuwa mama mchapakazi, mwenye mkono mwepesi wa kufagia na mdomo mzito wa kusifu. Kompyuta aliiita "hiyo mchezo yako". Shiru, toka kwa hiyo mchezo yako uje umenye viazi. Shiru, hiyo mchezo yako imekunywa stima yote. Shiru alikuwa ameiunda mashine hiyo mwenyewe, kipande kwa kipande, huku akifanya kazi kwenye saiba, duka la intaneti, na kwa karibu mwaka mzima mama yake aliipita pale kwenye kona kama jirani ambaye hamsalimiani. Shiru alitaka jambo moja tu kutoka kwake. Alitaka siku moja asikie akisema kwamba ile ni kazi.

Sasa, mama Shiru alikuwa na chama cha wanawake wenzake cha kuchangiana, na chama chenyewe kilikuwa na desturi yake. Mwanachama akileta kitu cha maana nyumbani, iwe ni friji au televisheni, wenzake hukivisha. Kila mmoja hushona kipande chake cha kitambaa kwa sindano ya krosheti, kisha huketi pamoja wakaviunga, na siku ya mkutano hukileta, wakaomba, wakakitandika juu ya kile kitu. Kitu ambacho hakijavishwa ni kama mgeni ambaye hajakaribishwa kukaa. Kompyuta ya Shiru ilikaa bila nguo muda huo wote, na sababu Shiru aliijua: kwa mama yake haikuwa kitu cha maana.

Halafu Jumapili moja, bila kuulizwa na mtu, mama yake alisimama katikati ya mkutano akasema, "Wamama, kuna kitu hapo kwa kona haijavishwa."

Mkutano uliofuata wakaja nacho. Kilikuwa kitambaa kikubwa cheupe chenye ukingo wa rangi ya machungwa, kimeshonwa kwa uzi mzito, na marinda yake yalishuka nyuma ya kasha mpaka mezani. Ua la katikati lilikuwa la mwenyekiti wao, Mama Nabalayo, mama mzee ambaye macho yake yalikuwa yameanza kumtupa. Shiru alitoka nje akalia karibu na kamba ya kuanikia nguo, na alipoulizwa akasema ni moshi.

Wiki hiyohiyo mchezo ukatoa toleo jipya, na kioo kikaanza kuzima. Shiru akaona hesabu ni rahisi, toleo jipya ndilo mchawi.

Akarudisha programu za zamani. Akafungua kasha, akapuliza vumbi la Rhonda ambalo lingetosha kupanda sukuma wiki. Akachomoa vijiti vya kumbukumbu akavisugua kwa raba ya shule. Akabadilisha waya. Na kila alipomaliza jambo moja alicheza muda mrefu kujaribu, na mashine ikaenda vizuri kabisa, akapiga kelele za furaha mpaka majirani wakauliza kama ameposwa. Kesho yake, kioo cheusi. Akapima hata joto. Kasha likiwa wazi, mashine ilikuwa imetulia, haina hata dalili ya kupata moto, basi akaliondoa joto kwenye washukiwa wake. Akalaumu stima. Akalaumu mtandao, ambao haukuwa na hatia. Mwisho akaibeba kwenye boda boda, ameikumbatia kama mtoto mgonjwa, akaipeleka mjini kwa Kipkemei, fundi wa kompyuta aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko.

Kipkemei aliichezea kutwa nzima. "Madam, hii mashine haina shida," alisema. "Nimecheza mpaka nikasahau lunch."

Shiru akairudisha nyumbani. Kesho yake ikazima. Akapiga simu karibu alie.

"Huko kwako kuna nini?" Kipkemei akauliza.

"Kuna stima, kuna meza, na kuna mimi."

"Basi ni moja ya hizo tatu. Na sijawahi ona meza ikizima kompyuta."

Akamwazima pawa saplai nyingine, kile kisanduku cha kuipa mashine umeme, aijaribu. Ilifanya kazi siku ile aliyoifunga. Siku ya pili yake ikazima, na Shiru akaanza kuamini kwamba labda tatizo ni yeye kweli, kwamba ana mkosi, kwamba wa Thika amezaliwa na bahati yake mwenyewe na ya Shiru pia.

Jumamosi, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya jaribio la mwisho, alikuwa akifanya mazoezi kioo kikafa tena. Hakupiga kelele. Alilaza kichwa mezani akakaa hivyo. Mama yake alikuwa akizunguka nyumba akikusanya vitambaa vya kufua, kwa kuwa chama kilikuwa kinakuja kwake Jumapili hiyo. Akakusanya vya makochi, akakusanya cha redio, akafika kwenye kompyuta.

"Shiru, mbona hii kitambaa iko moto? Ni kama nimetoka kuipiga pasi. Kwani hiyo kitu yako iko na homa?"

"Hapana, mathe, iko tu..."

Shiru akainua kichwa. Akakichukua kitambaa mkononi mwa mama yake, akakiweka shavuni. Kilikuwa moto kweli. Akatazama juu ya kasha, pale palipo na matundu ambayo hewa ya moto hutokea. Kila alipotaka kufungua mashine aliondoa kwanza kitambaa, akakitupa kitandani. Kila ilipokubali kufanya kazi, kitambaa kilikuwa kitandani. Na kila asubuhi, kabla ya kufagia, mama yake aliivisha tena ili isiingie vumbi. Kwa Kipkemei hakukuwa na kitambaa. Shiru alikuwa ameishi na vitambaa tangu kuzaliwa, juu ya makochi, juu ya redio, juu ya mtungi wa maji, hata macho yake hayakuviona tena, kama vile mtu haoni pua yake.

"Mathe, niachie hiki kwanza. Fua hizo zingine."

Mama yake alipotoka na beseni, Shiru aliwasha mashine bila nguo, akacheza. Ikaenda. Akacheza tena, ikaenda. Kisha akaivisha vizuri, marinda nyuma, ua katikati, na kabla ngome haijatekwa kioo kikawa cheusi. Alitaka kucheka na alitaka kulia, na hakujua aanze na lipi.

Maana hili halikuwa jambo la kwenda kutangaza mbio. Kitambaa kile ndicho kilikuwa neno zuri la pekee ambalo mama yake aliwahi kusema juu ya maisha ya Shiru. Tena jaribio lilikuwa saa tisa, saa ambayo wamama wa chama wangekuwa wameketi palepale, wakinywa chai, wakiitazama kompyuta waliyoivisha kwa mikono yao. Hakukuwa na namna ya kukivua kisirisiri.

Alimfuata mama yake kwenye kamba ya nguo.

"Mathe, ile kitambaa ya kompyuta..."

"Nitaifua sasa hivi, na nitaipiga pasi. Usijali."

"Si hiyo. Imefunga mahali kompyuta inapumulia. Ndiyo inafanya inazima."

Mama yake alikuwa na kibanio cha nguo mdomoni. Akakitoa polepole. "Nani amesema? Kipkemei?"

"Ni mimi. Nimejaribu. Ikivaa inazima. Nikitoa haizimi."

"Kwa hivyo ni sisi."

"Sijasema hivyo, mathe."

"Mama Nabalayo alishona hiyo ua na hayo macho yake." Akabana soksi kwenye kamba kwa nguvu kuliko soksi ilivyohitaji. "Na kesho wanakuja hapa kwangu. Waikute imekaa uchi?"

Shiru akamtolea soksi ya pili kwenye beseni. Mama yake akaendelea kuanika, na hawakuzungumza tena habari hiyo, si wakati wa kumenya viazi wala wakati wa kula.

Jumapili walipotoka kanisani Shiru akatumwa maziwa. Aliporudi alikuta nyumba inang'aa, makochi yamevaa, redio imevaa, mtungi umevaa. Akatazama kwenye kona. Kompyuta nayo ilikuwa imevishwa, kitambaa kimefuliwa na kupigwa pasi, ua limekaa katikati sawasawa. Akaweka maziwa mezani. Aliumia, na lililomuumiza zaidi ni kwamba hakuweza hata kumkasirikia mama yake.

Wamama wakaja. Wakaomba, wakahesabiana mahudhurio, wakaulizana habari za watoto. Mama Nabalayo alipita kwenye kona, akalipapasa lile ua kwa vidole, akatabasamu peke yake, kisha akaenda kuketi. Chai ikamiminwa. Simu ya Shiru ikatetemeka. Ilikuwa Ilwad: *Uko ready?*

Akamtazama mama yake. Mama yake alikuwa akimimina chai kana kwamba saa tisa ni saa ya watu wengine.

Shiru angeweza kumwomba mbele ya wote. Angeweza kukivuta mwenyewe. Akawaza jinsi uso wa mama yake ungekuwa, na jinsi Mama Nabalayo angeuliza, na akaamua hapana. Wa Thika achukue. Yeye angecheza mpaka pale mashine itakapofika, na ikizima, izime. Akaketi, akavaa hedifoni, akaandika: *Niko.* Akanyoosha kidole kuwasha.

"Ngoja," mama yake alisema.

Akaiweka thamosi chini. Akavuka chumba chote, akasimama kando ya Shiru, akakishika kitambaa kwa ncha mbili na kukivua kwa uangalifu, marinda kwanza, kisha ua. Vikombe vikanyamaza.

"Mama Shiru," Mama Nabalayo akasema taratibu, "unaivua mbele ya wageni? Kuna mahali tulikosea?"

"Hamkukosea." Mama yake akakikunja kitambaa mara mbili. "Ni mimi nilikuwa naifunika bila kuuliza. Ilikuwa inakosa pumzi, na huyu msichana anahangaika mpaka mjini kwa fundi, na mimi kila asubuhi naifunika tena. Itavaa ikimaliza. Saa hii inataka hewa."

Wamama wakamgeukia mwenyekiti wao. Mama Nabalayo akatafakari, akapiga funda la chai.

"Ni sawa tu," akasema. "Hata mimi nikipika chapati navua sweta."

Wamama wakaangua kicheko, na Shiru akawasha mashine.

Mchezo ukaanza. Ukakolea. Pale mashine ilipozoea kufa pakafika, na Shiru akajikaza kama mtu anayesubiri kofi. Feni zilikuwa zinavuma polepole. Pakapita. Wenzake wakaanguka mmoja baada ya mwingine mpaka akabaki peke yake mlangoni mwa ngome, kama ile siku nyingine, na Ilwad akauliza kwa wasiwasi, "Shiru, uko?"

"Niko!"

Akaulinda mlango mpaka kipindi kikaisha.

"Coach ameona," Ilwad akasema, na alikuwa anacheka. "Jumanne kuna mazoezi, usichelewe. Sasa tumalize hii, bado kipindi kimoja."

Wakati huo wamama walikuwa wamesogeza viti. Mmoja alitaka kujua wachezaji wetu ni wa rangi gani, mwingine alikuwa akimhurumia mtu aliyepigwa bila kujua kwamba ni adui, na Mama Nabalayo, ambaye hakuwa anaona kitu kwenye kile kioo, alikuwa akishangilia kuliko wote. Kelele zikapanda mpaka Shiru akashindwa kumsikia Ilwad. Akatoa sikio moja la hedifoni ili ageuke awaombe watulie, lakini mama yake akamtangulia. Alikuwa ameketi na kitambaa kimekunjwa mapajani, mikono yote miwili juu yake.

"Wamama, punguzeni sauti," alisema. "Mtoto yuko kazini."

Kioo kikafifia mbele ya Shiru. Safari hii haikuwa mashine. Akajipangusa macho kwa bega, akarudisha hedifoni, akaendelea kulinda mlango.