Moyo Ukiwa Bado Unapiga

Kila nesi alipokuja na kile kifaa kidogo, akakibonyeza tumboni mwa Kitinda, wodi nzima ilisikia moyo wa mtoto: tu-tu-tu, mbio mbio kama cherehani. Mama yake Kitinda, fundi wa kushona sare za shule, alifumba macho akamshukuru Mungu. Chupa ya bintiye huyu wa mwisho ilikuwa imepasuka mimba ikiwa ya miezi minne na ushee, maji yote yamekwisha, lakini moyo si huo unapiga?

"Mbishi kama babake," Kitinda alisema, akitabasamu kwa midomo iliyokauka.

Ila mama hakuwa mtu wa kupitwa na kitu. Aliona kuwa kila moyo uliposikika, nesi aliinamisha uso kama aliyepokea habari mbaya. Akamfuata hadi kwenye sinki, akamwuliza taratibu, mwanangu, mbona furaha yetu inakukata maini?

Nesi alifungua bomba maji yafunike sauti yake. Mtoto hatapona, alisema. Kila daktari humu analijua hilo. Uchafu umeanza kumwingia mama yake, ndiyo ile homa. Dawa ya kumtoa ipo kabatini. Lakini sheria imewafunga mikono: moyo ukiwa bado unapiga, atakayegusa anakwenda jela, isipokuwa mwenye mimba awe anakata roho.

"Na huko kukata roho mnakupimaje?"

"Ndipo tunapogombana wenyewe kwa wenyewe, mama."

Mama alirudi kitandani kwa bintiye. Tangu alfajiri alikuwa akimsihi Mungu moyo ule usisimame. Kumbe ndio uliomzuia daktari. Kitinda alikuwa akitetemeka chini ya mablanketi.

"Mama, tuombee."

Alimshika mkono, ukamchoma kama pasi. Kumwombea mmoja uzima kulikuwa kumwombea mwenzake kifo.

"Mungu, unatuona," akasema.

Jioni nesi aliweka kifaa, akakihamisha, akakihamisha tena. Kimya. Ndipo mikono ya watu ikafunguka: daktari akaja akikimbia, dripu zikaning'inizwa, kitanda kikasukumwa mbio. Lakini sumu ilikuwa imekwisha kutangulia kwenye damu, na Kitinda hakurudi.

Daktari alieleza mengi, macho kwenye viatu vyake. Mama alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akaomba beseni la maji. Nesi akalileta, akakunja mikono ya gauni, wakamwosha pamoja. Mwili ulikuwa bado una moto wa homa.