Dhiraa Moja kwa Kila Cheti

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, kabla jua halijaingia korongoni, Kwato alikuwa langoni akikagua viatu vya wageni. Aligeuza soli moja moja, kama mnunuzi wa viazi asiyemwamini muuzaji, kisha akauliza kila mtu amebeba maji kiasi gani. Mwenye chini ya lita nne alirudishwa bombani. Siku hiyo walikuwa kumi na mmoja, na mmoja wao alikuja na kandambili, akieleza kwamba miguu yake inapenda hewa. Kwato alimwambia hewa ataikuta nyingi tu hospitalini, akampa viatu vya kuazima kutoka ofisini.

Aliitwa Kwato kwa sababu katika miaka kumi na tisa ya kuongoza wageni mlimani hakuna aliyewahi kumwona akiteleza. Na njia yenyewe haikuwa ya mzaha. Korongo lilianzia kwenye mchanga mtupu wa jangwa likaupasua mlima hadi karibu na kilele, nalo lilijaa mawe makubwa kama vyumba, yaliyoporomoka zamani na kukwama yalipokwama. Mtu alipanda kwa mikono na miguu, na pengine kwa tumbo. Kulikuwa na mteremko wa changarawe uliomrudisha hatua mbili kwa kila hatua tatu, halafu mwanya ambao wanene waliupita kiubavu huku begi likipitishwa peke yake, halafu Jiwe la Samahani.

Hilo lilikuwa katikati ya safari na lilikuwa na kivuli. Hapo ndipo wageni wengi walipoketi, wakavua kofia na kusema, "Samahani, mimi naishia hapa." Waongozaji walikuwa na desturi yao. Aliyesema samahani alipewa maji na kuambiwa apumzike. Aliyelia alipewa cheti. Mwongozaji alikitoa mfukoni, akaandika "Amefika kileleni" na kutia sahihi, kwa huruma tu, maana kulia juani kunamaliza maji mwilini. Mgeni alifuta machozi, na mlima ukaongezeka dhiraa moja.

Uliongezeka mahali pamoja tu, kwenye ukuta wa mwisho, ule mwamba uliosimama wima chini ya kilele. Ukuta ulichipua kwa chini, kama ukucha. Waongozaji wote walilijua jambo hilo na walilichukulia kama wanavyochukulia kutu. Kwato alipoanza kazi ukuta ulikuwa dhiraa thelathini. Sasa ulifika hamsini, na tisa kati ya hizo zilikuwa zake. Walinunua kamba ndefu zaidi, mambo yakaisha.

Kisha akaja meneja mpya. Alikuwa kijana mpole, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, na alisoma maoni yote ya wageni. Akaamua kwamba furaha ya mtu haiwezi kutegemea magoti yake. Tangu wiki hiyo vyeti vilitolewa langoni, pamoja na tiketi.

Jumanne iliyofuata mdogo wake Kwato alikuwa kileleni. Walimwita Rangi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupaka upya mishale ya njia kwenye mawe yote, na nguzo ya chuma iliyosimama juu kabisa. Wakati anachanganya rangi, mabasi manne ya wajumbe wa mkutano yaliegeshwa langoni. Wajumbe hawakushuka, kwani ndani kulikuwa na kiyoyozi. Karani aliwafuata vitini akagawa vyeti mia mbili na sita, na mlima ukapanda.

Simu ya Kwato ililia.

"Dada," alisema Rangi, "kamba imekuwa fupi."

"Imekatika?"

"Haijakatika. Mimi ndiye nimekuwa mrefu. Na kopo la rangi limenimwagikia."

Kwato alitazama juu. Kilele kilikuwa kimeingia kwenye wingu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Akamwambia mdogo wake akae mbali na ukingo, afunge begi lake kwenye nguzo, na aache kumpigia simu hovyo maana chaji itaisha. Rangi alimkumbusha kwamba ana kile kisahani cha jua cha kuchajia simu, na kwamba jua sasa limekuwa jirani yake.

Ofisi ikaomba helikopta ya uokoaji. Jibu lilikuja siku hiyohiyo, na lilikuwa la adabu. Kwenye kumbukumbu, lilisema, ukuta ule una dhiraa thelathini, na mtu aliye juu ya dhiraa thelathini hahitaji helikopta, anahitaji ngazi. Jumatano ikaletwa ngazi. Ilikuwa ngazi nzuri, ya alumini, na baadaye karani aliitumia kubadilishia balbu.

Kwato akaamua kumfuata mwenyewe. Alipanda korongo na nyundo, vyuma na kamba mbili begani, akafika chini ya ukuta saa nne, akaanza kuvigongea mwambani. Chuma cha kwanza alikigongea usawa wa kifua chake. Mpaka jioni alikuwa amepanda dhiraa hamsini, mikono inatoka damu, akateremka kwa kamba gizani. Asubuhi ya pili alikikuta chuma chake cha kwanza kinaning'inia dhiraa sitini juu ya kichwa chake, na chini yake mwamba mpya, safi, bado una umande. Siku iliyopita langoni walipita wageni sitini.

Hakuhitaji mwalimu wa hesabu. Yeye alipanda hamsini, karani aligawa sitini.

Rangi hakuwa na hali mbaya. Njaa ilikoma siku ya tatu. Ilibaki chini pamoja na joto, haikuwa na kamba. Maji aliyakinga kwa turubai kutoka kwenye wingu. Kilichomsumbua ni upweke, na hilo hakulificha.

"Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma," alisema kwenye simu.

"Waliosema hivyo hawakuwa na karani."

"Dada, zile tisa zako za watu waliolia, najua ziko hapahapa chini yangu. Nikitema mate zinalowa."

Alikuwa anatania, lakini Kwato alikaa chini juu ya jiwe. Aliona aibu, na aibu ile ilimuuma kuliko magoti. Alimkumbuka mama mmoja mstaafu aliyelia miaka kumi na tisa iliyopita, mtu mwema kabisa, aliyemshukuru hadi kumbusu mkono.

Akaenda kwa meneja. Meneja alimkaribisha kiti na chai.

"Nipe siku sita bila vyeti," alisema Kwato. "Ukuta ukitulia nitamfikia na kumshusha. Baadaye gaweni hata kwa mbuzi."

"Dada yangu, mimi nakuelewa sana," alisema meneja, na macho yake yalionyesha kweli anaelewa, jambo lililomuudhi Kwato zaidi. "Lakini huu ni msimu. Wageni wameshawaambia watu nyumbani kwao kwamba wamefika."

"Lini? Hawajaja."

"Ndiyo maana hatuwezi kuwaangusha."

Alifikiri kidogo, akafungua ratiba. Saa saba hadi saa nane, alisema, karani huwa anakula. Saa hiyo cheti hakitoki hata kimoja, na Kwato alikuwa huru kabisa kuitumia.

Kwa hiyo Kwato akawa anapanda saa ya chakula cha karani. Alipata dhiraa kumi, au kumi na mbili siku ikiwa nzuri, kisha akateremka mbio kabla ukuta haujaondoka naye. Siku moja chakula hakikuiva, karani akarudi mapema, na Kwato akalazimika kuruka dhiraa tatu za mwisho. Hakuteleza.

Mama yao naye akaja na kigoda chake akakaa langoni. Kila mgeni alimwambia, "Mwanangu yuko juu pale. Ukichukua karatasi hiyo, unampandisha." Wageni walisikitika sana. Wengine walimshika mkono, wakapiga picha naye, wakasema hawatamsahau. Kisha wakachukua karatasi.

Baada ya wiki tatu kigoda kile kilianza kutokea kwenye maoni ya wageni, na meneja akaona lazima jambo lipate ufumbuzi. Alimwita mama na Kwato ofisini, akawasimamisha karibu na dirisha lenye mwanga, akatoa cheti kipya, kikubwa kuliko vile vingine, chenye mhuri wa bluu. Kilisema kwamba Rangi ameshuka salama.

"Panahitajika sahihi ya mwongozaji," alisema meneja, akamsogezea Kwato kalamu.

"Hajashuka."

"Dada, hii ndiyo njia ya kumshusha."

"Basi nionyeshe alipo."

Meneja hakukasirika. Alisema mwongozaji asiyetia sahihi hana kazi ya kuwa korongoni, na asiyekuwa na kazi korongoni haruhusiwi kupita lango, hata saa saba. Kwato aliichukua ile kalamu. Tisa alikuwa ameziandika mwenyewe, kwa huruma. Hii ya kumi ingekuwa juu ya mtu wake. Akairudisha mezani.

"Amechoka, masikini," alisema karani, akatia sahihi kwa niaba yake, kwa mwandiko unaofanana kabisa na wa Kwato.

Mama alikabidhiwa cheti. Alikigeuza nyuma, akakuta hakuna kitu, akakigeuza tena mbele.

"Mimi nilizaa wawili," alisema. "Hii ni karatasi."

Meneja alimpongeza. Hapo hapo simu ya Kwato ililia.

"Dada, nimeruka mara mbili hapa," alisema Rangi. "Moja, halafu nyingine. Kuna nini huko?"

Moja ilikuwa ya cheti, nyingine ya ile sahihi ya uongo.

"Umeshuka," alisema Kwato.

Upepo ulisikika.

"Lini?"

"Sasa hivi. Mama ameshika cheti."

"Ah," alisema Rangi. "Mwambie nimefurahi."

Kwa kuwa sahihi ilikuwapo, Kwato aliendelea kuruhusiwa kupita lango. Na kwa kuwa Rangi alikuwa ameshuka salama, Jumatatu alitarajiwa kazini saa kumi na mbili. Hakutokea, wala Jumanne, wala Jumatano. Alhamisi karani alimwandikia barua ya onyo kwa utoro, akampa Kwato aipeleke, maana yeye ndiye aliyekuwa akielekea huko.

Kwato aliikunja akaitia mfukoni, pamoja na vyuma. Saa saba ilipofika, karani akafungua chakula chake, na Kwato akaanza kugongea.