Baba Anaadvoketi

Mume wangu alipochaguliwa mwenyekiti wa wazazi katika shule ya viziwi anakosoma binti yetu, alirudi nyumbani na neno jipya: kuadvoketi. Nikamwambia kutetea kupo, na wala hakujachakaa. Akasema kutetea ni kwa wagomvi, mtu wa mikutano anaadvoketi. Basi ikawa ndiyo wimbo. Anaadvoketi kwenye simu, anaadvoketi kwa kinyozi, anaadvoketi mpaka chai inapoa. Nami fundi cherehani, nashona tu, hasira nimezimeza.

Maana lugha ya ishara hakuijua. Tangu mtoto azaliwe, akitaka kumwambia kitu ananiita mimi: "Mama, hebu mwambie huyu." Darasa la ishara la wazazi nilisoma peke yangu. Yeye alikuwa na mikutano. Mganga hajigangi, ndiyo hayo.

Siku ya wazazi akapanda jukwaani, suti imenyooka, kipaza sauti kimemziba mdomo. Binti yangu husoma midomo. Alikuwa amewahi kiti cha mbele kabisa kwa ajili ya baba yake, sasa anapinda shingo huku na huku akiitafuta ile midomo, haioni. Wazazi wakapiga makofi. Akanigeukia, akaniuliza kwa mikono baba kasema nini.

Kwa lile neno lake la kuadvoketi sikuwa na ishara. Nikamwambia: anasema yuko upande wako.

 Mikono yake ikasema polepole: mwambie aje aniambie mwenyewe.

Roho iliniuma, jamani. Baba mtu akashuka huku akipewa mikono, uso umemchanua, akaja kuniuliza mtoto kafurahi au vipi. Wanaonijua wanajua mdomo wangu, lakini siku hiyo nilitoa maneno mawili tu.

"Muulize mwenyewe," nikamwambia.

Akacheka, akidhani namtania. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akingoja nitafsiri. Mikono nikaifumbata. Mtoto amemkazia macho, anasubiri, na mimi moyoni namwombea yule mwanamume apate chochote cha kusema, hata akikosea.

Mwisho akainua mkono, akampungia. Ndiyo ishara pekee aliyokuwa nayo.

Binti yangu naye akampungia, kwa adabu kabisa, kama anavyowapungia wageni wakiaga.