Kisu cha Bei ya Mbuzi

Mimi nikiona jambo nalisema. Marehemu mume wangu alikuwa ananiambia, Tunu, mdomo wako utakuja kukuponza, nami namjibu, bora uniponze mdomo kuliko uniozee moyo. Sasa sikilizeni jinsi mdogo wangu Halfani alivyoushinda mdomo huu mbele ya watu, siku ya harusi ya binti yangu, kwa sababu ya kisu cha mfukoni. Kisu, jamani! Wala si shamba, wala si mirathi.

Visu vya Kipanga nani hapa Ruangwa havijui? Vile vya kukunja, mpini wa plastiki nyekundu, wanavipanga chini kwenye turubai siku ya gulio pamoja na betri za tochi na nyembe. Unamenyea mhogo, unakatia kamba za magunia ya ufuta, kikipotea shambani hukosi usingizi. Kikikatika unacheka, unanunua kingine. Mimi mwenyewe ninavyo jikoni hata sijui vingapi, na sijawahi kukilaumu hata kimoja.

Basi mwaka huu, korosho zilipokwisha kuuzwa, Kipanga haohao wakaleta kisu kipya. Kiko ndani ya boksi jeusi lenye sponji, mpini wa mbao inayong'aa, na pale kinapokunjwa kuna kichuma kidogo cha kukizuia kisijifunge chenyewe, wanakiita loki. Bei yake bei ya mbuzi. Halfani alikwenda Nachingwea kununua dawa ya kupulizia mikorosho, akarudi na boksi.

"Halfani," nikamwambia, "hiki si Kipanga?"

"Ni Kipanga, dada, lakini si kile. Fahadi mwenye duka kanieleza. Jina lilelile, chuma kingine. Kwani mtu aliyeanza na kibanda cha nyasi hawezi kujenga nyumba ya bati?"

"Anaweza. Lakini mama wa maandazi hapo stendi akikuuzia andazi kwa elfu tano kwa sababu kaliweka kwenye boksi, utanunua?"

Akakasirika. Halfani akikasirika hasemi, anavuta pumzi puani tu. Na kijiweni kwa bodaboda hawakumwonea huruma. Kila akipita walikuwa wanamgonga mfuko wa suruali. "Mjomba, mbuzi wako kala leo? Mbona halii?" Mwingine anamwambia amfunge kamba asije akatoroka. Watu walicheka, na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, sikujua kicheko kile kinakwenda kutua wapi.

Maana tangu hapo Halfani akawa hana kazi nyingine ila kukitetea kile kisu. Anakata karatasi hewani watu waone. Ananyoa malaika ya mkononi. Siku moja nilikichukua mezani kwake nikate kamba ya kufungia kuku, nikaona ubapa wake unacheza, kichuma kile kikateleza na kisu kikataka kunifunga vidole. Nikamwambia, hiki kimelegea. Akaninyang'anya. "Hujui kukishika, dada. Hiki si cha kumenyea mhogo." Nikamuuliza, sasa cha nini? Akakikunja, akakitia mfukoni. Nikaanza kuogopa, maana mtu akishanunua kitu cha kuchekwa, atatafuta mahali pa kukithibitisha, na mimi nilikuwa na harusi nyumbani.

Binti yangu Mwamina alikuwa anaolewa na kijana wa Marambo, Nuhu, mwalimu, mtoto wa watu wenye dini yao. Na kwetu sisi mtoto ni wa mjomba. Mama unazaa, unalea, unapika, lakini siku ya harusi mwenye sauti ni mjomba. Mjomba ndiye anayepokea wakwe na mjomba ndiye anayechinja. Halfani alikuwa mchinjaji mzuri toka zamani, ana kisu chake kirefu alichoachiwa na baba. Nilimwomba kwa heshima zote, nikamwita hata kwa jina la baba yetu, achinje kwa kile kirefu.

"Nitachinja kwa Kipanga," akasema. "Hao wanaocheka waje waone."

Kulipopambazuka mbuzi watatu walikuwa wamefungwa nyuma ya nyumba. Wanaume walijaa, na wale wa kijiweni wote walikuja, macho kwenye mfuko wa Halfani. Akamlaza wa kwanza kuelekea kibla, akasema Bismillahi, akapitisha. Mbuzi hakupata hata kulia. Wa pili vilevile. Lo! Wanaume wakatazamana. Mmoja wa bodaboda akasema, "Mjomba, tumeufyata." Halfani hakutabasamu, lakini nilimwona shingo ikirefuka. Na mimi, kusema kweli, nilifurahi kwa ajili yake. Nikasema moyoni, Tunu, safari hii umekosea, na afadhali.

Wanaume wote, pamoja na wale wa kijiweni, wakawabeba wale wawili kwenda kuchuna huko upande wa jiko. Akabaki beberu, lile dume kubwa lenye ndevu, na Uwesu jirani yetu akalishika miguu ya nyuma. Mimi nilikuwa nakuja na beseni la maji. Halfani akaweka kisu, akavuta, beberu likatikisa kichwa, na nilikisikia kile kichuma kikilia tak. Kisu kikajifunga juu ya vidole vyake.

Halfani akapiga ukelele, akaachia. Beberu likamtupa Uwesu huko, likasimama na shingo nusu, likaenda mpaka kwenye uzio wa mihogo, likaanguka. Damu ya Halfani na damu ya beberu ikawa moja kwenye kanzu yake. Alikuwa anahangaika kukifungua kisu kwa mkono wa kushoto, anateleza, anahangaika tena, na mimi nilikuwa nimeshafika pale uzioni. Nilimgusa beberu jicho kwa kidole. Halikupepesa. Nikaweka kiganja mbavuni, hakuna kitu. Ndipo Halfani akaja, akasema Bismillahi nyingine, akapitisha kisu kwenye shingo ya mfu.

"Halfani, huyu kafa," nikamwambia. "Kafa hujammaliza. Huyu ni kibudu."

Akanitazama. Uso wake ulikuwa umepauka kama majivu.

"Dada, usipige kelele. Wakwe wapo njiani. Nimekusikia. Huyu namweka pembeni, tutamfukia. Nenda kamvalishe mtoto."

"Uniapie."

"Nimekwambia nimekusikia!"

Ni ndugu yangu wa tumbo moja. Kulikuwa na hasara gani? Mbuzi mmoja anafukiwa, wawili wanatosha na wali, mgeni atakula mchuzi zaidi na nyama kidogo, nani amewahi kufa? Nikaenda ndani kwa binti yangu.

Huko ndani kuna manukato, kuna hina, kuna mashoga wanaimba, muda hauonekani. Niliposikia wakwe wanashuka kwenye gari nikatoka. Nikamwona Halfani kwenye busati la wanaume, mkono umefungwa kitambaa, anacheka na wageni. Anawaambia, "Kisu kikali hiki, wazee, hadi mimi mwenyewe kimenionja." Wale wa kijiweni wanapokezana boksi, wanalifungua, wanalifunga. Nikaenda nyuma ya nyumba. Sikuona udongo uliochimbwa. Niliona ngozi tatu zimewambwa juani.

Nikamkuta Uwesu ananawa.

"Yule beberu yuko wapi?"

"Kwenye masufuria, dada," akasema taratibu, haniangalii. "Kachuna mwenyewe Halfani. Kamchanganya na wenzake. Kaniambia kila mtu atauliza wa tatu kaenda wapi."

Kwa hiyo si kwa ajili ya nyama. Alikuwa anaogopa swali moja tu kutoka kwa vijana wa pikipiki. Kile chekundu cha gulioni, cha elfu tatu, kingejifunga angetukana, angeenda kuchukua kile cha baba, tukacheka jioni. Hiki alichokinunua kwa bei ya mbuzi hakikuruhusiwa kukosea.

Masinia yalikuwa yameshaanza kwenda. Mbele kabisa alikaa Mzee Mikidadi, baba mkubwa wa Nuhu, mtu aliyefundisha madrasa Marambo tangu Nuhu hajazaliwa, na kando yake mama yangu mzazi, wamemkalisha kwenye kiti kwa heshima ya uzee. Nikafikiri haraka. Nikipiga kelele, harusi ya mwanangu imevunjika. Nikinyamaza, wazee hawa wanalishwa mzoga nyumbani kwangu. Nikaona njia moja ya kumpa mdogo wangu mlango atoke mwenyewe.

Nikaingia upande wa wanaume. Wakageuka kunitazama, maana mama wa bibi harusi hana kazi pale.

"Mjomba," nikasema kwa sauti ya utani, "mwenyeji huonja kwanza ili mgeni atulie. Hebu onja."

Nilimtazama machoni. Nilimwambia kwa macho, sema sasa, sema nyama imemwagikiwa mafuta ya taa, sema lolote, mimi nitabeba. Halfani akaangalia sinia. Akaangalia boksi lake lililokuwa mikononi mwa wale vijana. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, kitambaa kikazama kwenye mchuzi, akachagua mnofu, akautia mdomoni. Akatafuna huku ananitazama. Akameza.

"Alhamdulillahi," akasema.

Heshima ikaniishia.

"Jamani, msile! Beberu mmoja kafa kabla hajachinjwa! Kisu kilimfunga Halfani vidole, nimeona kwa macho yangu!"

Mikono ikasimama juu ya masinia. Mzee Mikidadi akauliza, "Nani mwingine alikuwepo?" Nikamwonyesha Uwesu.

"Mimi nilishika miguu, mzee," Uwesu akasema. "Nilikuwa nimegeuzia uso huko."

"Uwesu! Mwogope Mungu!"

"Nilishika miguu tu, dada."

Halfani akashusha pumzi puani. "Dada yangu hakukipenda kisu hiki tangu siku ya kwanza," akawaambia wageni, kwa upole, kama mtu anayemwombea mgonjwa. "Na harusi inamchosha mama. Msameheni."

Mzee Mikidadi alifikiri sana. Namheshimu, simlaumu. Akasema, "Mchinjaji ni Muislamu. Anasema kachinja. Na amekula yeye wa kwanza mbele yetu sote. Mtu hali mzoga kwa makusudi nyumbani kwake. Bismillahi."

Mikono ikaingia kwenye masinia. Ule mnofu niliomlazimisha kuula ndio uliowatoa wasiwasi. Nilimwona mama yangu mzazi akitafuna taratibu kwa yale meno machache aliyonayo, na ananitikisia kichwa kwa masikitiko.

Mwamina alitoka ndani na shela lake, kashika sahani, macho mekundu.

"Mama, umenifanya nini leo?"

"Mwanangu, usile."

"Nimeshakula." Akanisogezea sahani. "Na wewe kula. Kula wakuone, tuyamalize. Naomba, mama."

Wakwe zake wa kike wote walikuwa wananitazama. Niliisukuma sahani. Sikutaka imwagike, lakini ilimwagika, kwenye shela lake.

Hakulia. Akageuka akaingia ndani, na hakunisemesha tena siku ile.

Alasiri wakawa wanaondoka. Gari limepambwa, begi limefungwa utepe, Mwamina kashakaa ndani na shela lenye doa la mchuzi. Halfani akaja na boksi lake jeusi. Nilifikiri anakwenda kuagana. Kumbe akalifungua mbele ya watu wote, akamkabidhi Nuhu kwa mikono miwili.

"Mkwe wetu, mjomba wa mkeo hana dhahabu. Chukua hiki. Mwanamume mwenye nyumba awe na kisu chake."

Watu wakashangaa. Kitu cha thamani ile! Wale wa kijiweni wakapiga makofi. Mimi peke yangu nilijua kwamba anakitupa. Hakuthubutu kukilaza tena mfukoni mwake, na hakuthubutu kukitia shimoni, kwa hiyo akampa mume wa mwanangu.

"Nuhu, baba," nikasema, "kisu hicho kinajifunga. Kiache hapa."

Nuhu akainama kwa adabu, kama unavyomwinamia mtu asiye na akili nzuri. Akakifungua. Akakata utepe wa begi kwa mpigo mmoja, utepe ukaanguka.

"Kikali kweli, mjomba," akasema. "Mtoto wetu wa kwanza akizaliwa, mbuzi wa aqiqa yake nitamchinja kwa hiki, inshallah."

Vigelegele vikapigwa hadi barabarani. Halfani aliuficha mkono wake nyuma. Na ndani ya gari, chini ya shela, nilimsikia binti yangu akisema amina.