Mstari Uliolala

"Kitufe," ilisema kompyuta. Binti yangu akabonyeza tena. "Kitufe." Mara sita alibonyeza, na mara zote sita ile sauti inayomsomea skrini ikamjibu vilevile, kama mtu anayekuelekeza njia kwa kusema "pale, pale" na mikono ameitia mfukoni.

"Kitufe cha nini, mama?"

Nilikuwa nyuma yake na sufuria mkononi. Mimi niliviona vitufe vyote na picha zake: mkasi mwekundu, spika ya kijani, mishale. Yeye haoni tangu azaliwe.

Programu hiyo niliichagua mimi, na naandika ili mzazi mwingine asirudie. Wiki moja kabla, fundi wa kompyuta alituonyesha programu mbili za kukata na kuunga sauti. Moja ya kijivu, maneno matupu kama fomu ya hospitali, kila kitu kwa kibodi. Nyingine ilimeremeta, sauti inapita kwa mawimbi ya rangi.

"Mama, tumwekee ipi?" fundi aliniuliza mimi.

"Ile inayokubali kibodi peke yake," binti alijibu.

Nikamkatiza. "Usijidharau, mwanangu. Kwa nini uchukue kibaya na kizuri kipo?"

Sikumwambia fundi azime skrini kwanza, tusikilize. Wewe mwambie.

Kituo cha redio kilikuwa kinatafuta mtu mmoja wa kuandaa vipindi. Kila mwombaji alitakiwa alete, kabla ya Ijumaa, mazungumzo aliyoyarekodi na kuyahariri mwenyewe. Binti yangu alimhoji seremala mzee wa mtaani kwetu, aliyemtengenezea mkewe jeneza kwa mikono yake.

"Turudi kwa fundi," alisema.

"Fundi amesafiri, na leo Jumatano. Nitakuwa macho yako."

"Sikuomba macho, mama. Naomba kibodi."

Nikavuta kiti. Nilishika kipanya kama nimeshika kifaranga.

"Rudisha nyuma. Kata hapo. Si hapo, mama, umemkata mzee wa watu ulimi!"

Tulicheka, kazi ikaenda. Alipotoka kwenda kuoga, nikaona mahali ambapo mawimbi yamekwisha na mstari umelala, umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, karibu robo dakika. Hapa hapana kitu, niliwaza, nimpunguzie kazi. Nikachagua, nikabonyeza mkasi, nikahifadhi, nikafunga programu. Rekodi ya kwanza kwenye kinasa sauti alikuwa ameshaifuta apate nafasi.

Aliporudi akasikiliza. Mkono wake ukasimama hewani.

"Nilimuuliza alikuwa anawaza nini alipopigilia msumari wa mwisho. Akanyamaza. Ule ukimya uko wapi?"

"Hapakuwa na kitu, mwanangu. Mstari ulilala."

"Palikuwa na pumzi yake. Alikuwa anapapasa ubao."

Tukasikiliza tena. Msumari wa mwisho, ulikuwa unawaza nini? Na papo hapo mzee anajibu, "Sikuwaza kitu," haraka, kama aliyeulizwa bei ya kigoda.

Nilitaka twende kwake, aulizwe upya. Alikataa. "Nikamwambie nini? Baba, hebu nyamaza tena kama siku ile?"

Akaipeleka kazi redioni hivyo hivyo.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Kompyuta ilimsomea kwa ile sauti yake isiyo na furaha wala huruma, nami nimesimama mlangoni. Walisema ana sauti nzuri na maswali mazuri. Walisema pia hana subira na watu anaowahoji, kwamba hakumpa mzee hata nafasi ya kuvuta pumzi, na msikilizaji angemwona mkatili. Wamemchukua mwingine.

"Waandikie," nilimwambia. "Waambie aliyekata ni mama yako. Waambie hajui kitu, alimaliza shule ya msingi tu, alishika asivyovijua. Au nipe simu niwaambie mwenyewe."

"Walitaka kazi niliyoihariri mwenyewe, mama."

Akachukua vipokea sauti vyake vya masikioni mezani, akaanza kukunja waya wake taratibu, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka ukaisha.