Mizani za Dada Mkunga

Fundi viatu alikuwa na ugonjwa mmoja: mtu akizungumza, vidole vyake huanza kuhesabu silabi. Ukimwambia mkeo anaumwa atakupa pole, tena ya dhati, lakini kidole gumba kishapita kwenye vingine kuona kama umetimiza nane. Mtaani wakamwita Mizani, naye akaona amesifiwa.

Ilibaki siku moja dada yake mkunga astaafu, na shairi la kumuaga alipewa yeye kulitunga. Huyo dada ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na Mizani hakuwahi kumshukuru. Kwa maneno matupu aliona haya. Basi akapekua kamusi mpaka macho yakamuuma, akaenda wodini kumwonjesha ubeti wa kwanza.

"Ewe johari adhimu, mwenye sifa zilotimu..."

Dada alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Limepangika. Huyo johari ni nani?"

"Si ni wewe, dada!"

"Mbona simjui?"

Hakuwa anatania, na hilo ndilo lililomchoma. Mara akaitwa ndani, mlango ukafungwa. Mizani akabaki kwenye benchi la korido na karatasi yake, anatamani kuichana. Ndani mwanamke alikuwa analia kwa uchungu. Kisha ikaja sauti ya dada, ileile iliyomtuliza yeye utotoni kila alipopata homa.

"Pumua, mama, pumua. Niko hapa, siondoki."

Vidole vikaanza kazi yao. Nane. Nane tena. Akarudia kuhesabu, hakuamini. Akageuza karatasi, akaandika upande wa pili mpaka kitoto kilipolia.

Kesho yake wakajazana kwenye chumba cha chai, wakunga na akina mama waliozalia pale. Mizani alisoma, na kibwagizo kiliporudi mara ya pili, wanawake wakakipokea bila kuombwa. Wengi walikijua tangu walipokuwa kitandani. Alipofika kwenye ubeti wa mtoto aliyelelewa na dada, akakwama katikati ya mstari.

Dada akaweka kikombe chini.

"Pumua, mdogo wangu, pumua," akasema taratibu. "Niko hapa, siondoki."

"Huondoki wapi, na leo ndiyo mwisho wako?" akadakia mkunga mmoja, wakaangua kicheko, dada mwenyewe akiwemo huku anafuta machozi.

Mizani akacheka pia, akavuta pumzi, akaumaliza ubeti. Dada akamjibu kwa maneno mengi yaliyokatikakatika, na yeye akayasikiliza yote, vidole vimetulia.